Matanga ya Baba Yuster, Mwenyewe Akiwepo

Masasi mtu hajafa mpaka spika ya Fortunatus ipite. Ndugu wanaweza kulia hadi sauti zikakauka, padri anaweza kuja na kurudi, lakini sisi majirani wa mtaa wa Mkomaindo hatukuwa na desturi ya kuinjika sufuria la msiba kabla ya kuisikia ile pikipiki ikikohoa barabarani, na nyuma yake ile spika ya bati yenye umbo la ua la boga. Alipita polepole. Mwenye duka alipunguza redio, kinyozi aliinua mashine kutoka kichwani mwa mteja, na mji ukasimama kwa muda wa jina moja. Kisha kila mtu alirudi kwenye shughuli yake, akijua nani amepungua.

Alizaliwa Lukuledi, mtoto wa mpiga kengele wa misheni. Ujana wake aliumalizia kwenye mikorosho ya watu, akipuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, kila kipupwe, pampu mgongoni na kitambaa puani, hadi vumbi lile likamwachia kifua kibovu na sauti nzito yenye mkwaruzo, kama kinu kinachoburutwa sakafuni. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha baadaye. Chama cha ushirika kilimpa kazi ya kutangaza siku za mnada wa korosho, watu wa maji wakampa ya kutangaza mabomba yatakapokauka. Siku mkewe, Veridiana, alipofariki, hakukuwa na mwingine wa kumtuma. Akawasha pikipiki, akaenda kumtangaza mwenyewe. Waliomsikia siku ile wanasema hakukosea hata neno. Tangu hapo watu wakaanza kumpelekea majina ya maiti wao, naye akayapokea kama mtu anavyopokea kichanga, kwa mikono miwili.

Alibaki na binti mmoja, Yuster, aliyeolewa kule juu Newala, na mtani mmoja, Halfani, fundi cherehani wa barazani jirani. Halfani ni Myao na Fortunatus ni Mmakua, kwa hiyo kutukanana ilikuwa haki yao ya kuzaliwa. Halfani akimwona anatoka na mswaki asubuhi alimwita "mtumwa wangu", akamuuliza kama amelala au amekufa kidogo. Fortunatus alimjibu kwamba suruali zake zote zina mguu mmoja mfupi kwa sababu huzipima kwa macho ya mbuzi. Bila matusi hayo siku haikuwa imeanza.

Ndipo akaja Anjelina. Huyu ni mhadhiri wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, mzaliwa wa Bukoba, mwanamke mpole anayevaa viatu vya kutembelea. Alikuwa anachunguza jinsi Masasi inavyogeuka kuwa mji, na alikuwa amechoka na madodoso. Alituambia kwamba kwenye madodoso watu wote wanaishi vizuri. Njia yake mpya ilikuwa podikasti. Angetembea na mwenyeji na kinasa sauti, mwenyeji aeleze mtaa wake, kipindi kihaririwe na kurushwa kwenye simu za watu, kisha watu wajibu kwa sauti zao, na majibu hayo nayo yawe utafiti. Mji, alisema, una masikio mengi kuliko macho. Nilipenda maneno hayo, ingawa sikuwa na hakika kama ni kweli.

Kipaza sauti chake kilikuwa kimevishwa manyoya ya kuzuia upepo. Akina mama wa sokoni waliuliza kama kinauma. Walipoambiwa kwamba ndani yake kuna watu wengi wanaosikiliza, wakubwa na wadogo, walikiamkia shikamoo. Hakuna aliyekuwa tayari kueleza habari za mtaa kabla hajaulizia za nyumbani, za safari, za watoto na za mvua huko mgeni alikotoka, kwa hiyo vipindi viwili vya mwanzo vilikuwa salamu tupu. Vilipendwa mno. Bibi mmoja wa Newala alirudisha ujumbe wa sauti mrefu, akiitikia marahaba kwa kila shikamoo iliyomo, moja baada ya nyingine, asije akalala na deni la adabu.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha Fortunatus. Asubuhi ya kurekodi, mafua yalikuwa yamemkaba, sauti haitoki. Alikaa kizingitini na blanketi, akimwonyesha Anjelina kwa mikono kwamba waahirishe. Halfani akaja na sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati, akakinyakua kipaza sauti.

"Ndugu wasikilizaji," alisema, "mtumwa wangu Fortunatus amekufa leo asubuhi. Amekufa kwa uvivu. Amekufa mdomo wazi kama kambale. Tumempoteza mtu aliyekula pilau ya kila msiba wa mji huu na hajawahi kuchangia hata ukuni. Sijui sasa nani atatutangazia. Labda kunguru."

Fortunatus alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akalala chini, na majirani wote tulikuwa tumeshika mbavu. Anjelina alicheka pia. Alijua utani ni nini, hata kwao upo. Jioni akautuma mkanda Dar es Salaam kwa mhariri wake, mtaalamu ambaye hajawahi kuvuka Mto Rufiji, na Anjelina mwenyewe akapanda Newala kurekodi foleni ya ndoo kisimani.

Mhariri alifanya kazi yake kwa uangalifu. Kicheko na kikohozi vilikuwa kelele, akavisafisha. Mwongozo wa chuo ulikataza mshiriki kudhalilishwa, akayaondoa matusi. Kilichobaki kilikuwa hiki: "Ndugu wasikilizaji, Fortunatus amekufa leo asubuhi. Tumempoteza. Sijui sasa nani atatutangazia." Akaona kimekuwa kifupi na kizito, akakiwekea kinanda cha polepole chini yake, akakirusha.

Fortunatus alikuwa na simu ya kitochi, isiyopokea mambo hayo. Kesho yake asubuhi alikuwa uani anapiga mswaki, mafua yamepungua, tuliposikia kilio kutoka njia panda. Lori lilikuwa linakuja limejaa watu wa Newala, wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume wamekalia magunia. Lilisimama mbele ya nyumba yake. Yuster akashuka kwa kuanguka, akaburuza miguu hadi getini, akamwona baba yake na povu mdomoni.

"Shikamoo baba," alisema, machozi yanamtiririka.

"Marahaba mwanangu." Fortunatus alitema povu na tayari mkono ulikuwa unatafuta ufunguo wa pikipiki mfukoni. "Nani amekufa?"

"Wewe."

Alitutazama sisi majirani kana kwamba tungeweza kusema vinginevyo. Yuster alimshika mabega, akamtikisa, akamkumbatia, akamuuliza kwa nini amemfanyia hivi, kisha akaanza kulia upya, safari hii kwa hasira, na wanawake wa kwenye lori, waliokuwa hawaoni vizuri kutokea nyuma, wakampokea kilio.

Ilipofahamika kwamba marehemu ni mzima, likaja jambo la pili. Ukoo wa mumewe Yuster ulikuwa umebeba unga, mbaazi, kuni na kapu la ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha. Aliyewaongoza ni baba mkwe, Mzee Abrahamu, mkulima wa korosho na mzee wa kanisa la Anglikana, mtu mrefu asiyependa mambo ya nusunusu. Alieleza kwa upole kwamba unga wa msiba haurudi ulikotoka. Ukirudi, unarudi kuchukua mtu. Kwa hiyo kurudi nao hawawezi, na kuula bila msiba ni uroho. Fortunatus aliomba radhi kwa usumbufu. Mzee Abrahamu alimwambia asijali, ni kazi ya Mungu.

Basi matanga yakawekwa. Mikeka ikatandikwa, meko yakawashwa, benchi za jumuiya zikaletwa. Fortunatus alikosa pa kukaa. Alijaribu kukaa na waombolezaji wa kawaida ikaonekana si heshima, mwishowe akawekwa kwenye kiti cha wafiwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu na marehemu kumzidi yeye. Watu waliendelea kuwasili kutoka Lulindi, Lukuledi na vijiji vya njiani. Walimpa mkono.

"Pole kwa msiba, Baba Yuster."

"Ahsante. Tumeshapoa."

Wengine waliinamisha vichwa na kumuuliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliugua muda mrefu. Alijibu kwamba ni mafua tu.

Anjelina alirudi kutoka Newala mbio, akitaka kulia. Alimwomba Fortunatus msamaha akiwa amepiga magoti barazani, naye akamwambia ainuke, atachafua gauni. Siku hiyohiyo wakarekodi masahihisho. Fortunatus alisema kwa sauti yake mwenyewe kwamba yeye ni mzima, anakula, hana neno. Kipindi kikarushwa. Majibu yaliyokuja hayajawahi kuonekana katika utafiti ule. Watu walishukuru chuo kwa kuihifadhi sauti ya mzee. Mmoja alisema ameisikiliza mara nyingi na kila mara analia, maana ni kama yupo kabisa. Mwanamke mmoja wa Newala alimjibu marehemu moja kwa moja, akamwomba amsalimie dada yake huko aliko.

Chuo nacho kilisimamisha kazi. Kanuni zao zilisema mshiriki akifariki, utafiti usubiri hadi ndugu wa karibu aridhie kwa sahihi. Fortunatus alijitolea kuweka sahihi hiyo. Kamati ikarudisha jibu la heshima kwamba kwenye fomu, penye uhusiano na marehemu, hakuna nafasi ya "mwenyewe".

Hayo yote aliyabeba kwa kucheka. Lililomkata maini lilikuja asubuhi moja, matanga yakiendelea. Alikufa mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi rangi aliyemfahamu. Fortunatus alivaa shati, akapangusa spika, akakaa kusubiri aje mtu na jina. Hakuna aliyekuja. Mchana tukasikia gari la dawa ya panya likipita, na katikati ya sifa za dawa kijana akaisoma habari ya msiba, akataja jina la marehemu kimakosa, kisha akaendelea na mende na kunguni. Halfani alikwenda kuuliza. Wafiwa walimjibu kwa haya kwamba wanamheshimu Baba Yuster, ila hawawezi kumtuma maiti kutangaza maiti. Jambo hilo lina mkosi. Chama cha ushirika kikatuma salamu kwamba mnada wa wiki ile watautangaza kwa karatasi ukutani.

Nilimwona akirudisha spika ndani. Aliibeba kifuani. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa amekufa, nadhani, kwa sababu ni jambo la wengine. Kuambiwa kwamba sauti yake haitakiwi ni jambo lake mwenyewe. Alimwambia Yuster, nami nikasikia, kwamba kama mji haumsikilizi tena, basi waliokuja na unga hawakukosea sana.

Ilipofika siku ya kuanua matanga, Mzee Abrahamu akasimama na tatizo lingine. Msiba usio na kaburi haufungiki. Ni mlango ulioachwa wazi, na kila mtu anajua nini huingia kwenye mlango ulioachwa wazi. Wazee wakakaa kujadili ni nini hasa kilichokufa. Mwili haukufa, mwili ulikuwa pale unakunywa uji. Roho hawakuwa na mamlaka nayo. Mmoja akasema kilichotangazwa ni kwamba hakuna tena wa kututangazia, kwa hiyo kilichokufa ni tangazo. Wakalizungusha hilo kwa muda mrefu, kwa mifano ya Biblia na ya mikorosho, hadi wakakubaliana kwamba sauti ya Fortunatus inakaa kwenye spika, na izikwe spika.

Fortunatus hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha.

Kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba, la urefu wa mtoto. Spika ikafungwa kwenye shuka jeupe. Ukazuka ubishi mdogo kuhusu mdomo wake uelekee wapi. Mzee Abrahamu akaamua uelekee barabarani, ilikozoea. Kisha wanawake wakaanza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha mchezo. Niliwatazama nikaelewa: kila mmoja alikuwa amewahi kumsikia mtu wake akitajwa na lile ua la boga, mume, mama, mtoto, na sasa wote walikuwa wanazikwa mara ya pili. Nami nililia. Anjelina alikuwa amesimama kando, kinasa kimezimwa mkononi.

Spika ilipoinuliwa ishushwe, Halfani akatoka katikati ya watu, akaruka ndani ya kaburi na kulala chali, magoti ameyakunja.

"Hamziki kitu," alisema. "Mimi mtani nimefika."

Hilo kila mtu analijua. Mtani akilala kaburini, mazishi husimama mpaka akombolewe, na anaweza kuchukua chochote cha marehemu, na ni mwiko kumkasirikia. Wazee walishika vichwa, maana walikuwa wamemsahau. Halfani alinyoosha mikono kutoka shimoni, akaivuta spika na shuka lake, akaikumbatia. Mzee Abrahamu akauliza kwa uchovu anataka nini, akaingiza mkono mfukoni.

"Weka vyako, mzee. Sitaki hela ya maiti." Halfani alikuwa na udongo kwenye nyusi. "Kosa ni langu, nilitangaza kifo kwa mdomo wa kuazima, bila spika. Masasi hii mlishaona wapi? Huyu mtumwa wangu achukue chombo chake, azunguke mji mzima, ajitangaze mwenyewe. Mji ukisimama kumsikiliza, tangazo limezikwa ndani ya masikio ya watu, na spika ni yake. Ukimcheka, nizikeni nayo, mimi nimeshalala."

Mzee Abrahamu alifikiri. Alisema neno hilo lina kaburi ndani yake, lina heshima na lina mwisho. Akamuuliza Fortunatus kama anaweza. Fortunatus alitazama shimo, akamtazama Yuster, akasema atajaribu, ila sauti bado haijakaa sawa.

Walifunga spika mahali pake kwenye pikipiki. Halfani alipanda nyuma kuishikilia, na Anjelina akafuata kwa bodaboda na kipaza sauti chake cha manyoya, akiwa amemwomba ruhusa Fortunatus kwanza, si kamati. Mimi na Yuster tulikwenda kwa bajaji. Mkomaindo walitoka malangoni, wengine mkono mdomoni, wakajua wanaona nini bila kujua waitikie nini. Fortunatus alikuwa hajafungua mdomo bado. Alisubiri hadi sokoni, pale mahali ambapo kucheka ni rahisi kuliko pote.

Akazima injini. Akakohoa. Kijana mmoja kwenye meza ya mitumba alikwishaanza kucheka.

"Familia ya marehemu Chilumba, mpiga kengele wa Lukuledi," alianza Fortunatus kwa ile sauti ya kinu, "inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao Fortunatus, mkazi wa Mkomaindo. Marehemu alikuwa mpuliza salfa, na baadaye mtangazaji. Habari zimfikie mtoto wake Yuster, aliyeko Newala. Ziwafikie wakwe zake wote. Zimfikie Halfani, fundi cherehani, popote alipo."

"Nipo," alisema Halfani nyuma yake, lakini taratibu.

Redio ya duka la simu ilikuwa imezimwa. Kinyozi aliinua mashine. Kijana wa mitumba alifunga mdomo, akavua kofia, nadhani hata yeye hakujua kwa nini. Anjelina aliniambia baadaye kwamba mhariri alimpigia simu kuuliza kama kinasa kiliharibika, maana pale sokoni kuna sehemu ndefu haina kitu. Alimwambia asiikate.

Fortunatus alikuwa amefika mahali pa kutaja siku na saa. Niliona anatafuta.

"Taarifa za mazishi," alisema mwishowe, "mtatangaziwa."

Mama aliyekuwa anauza ming'oko chini, mzee kiasi, hakuonyesha utani hata kidogo alipomuuliza:

"Na nani, Baba Yuster?"

Fortunatus akawasha pikipiki.

Alizunguka mitaa yote iliyobaki, neno kwa neno, na kila mahali watu walisimama. Tuliporudi nyumbani wageni wa Newala walikuwa wanakunja mikeka, unga umekwisha, Mzee Abrahamu anafukia lile shimo tupu kwa jembe la kuazima. Getini alikuwa anasubiri mwanamume mmoja wa Mtaa wa Juu, amevaa kanzu, macho mekundu. Alimwamkia Fortunatus, akampa pole ya msiba wake. Kisha akasema mama yake amefariki alfajiri, na wangependa watu wajue kabla ya swala ya alasiri.

Fortunatus hakushuka kwenye pikipiki. Alimwambia Halfani ateremke, amepunguza nguvu ya injini bure, akamgeukia yule mwanamume na kumwomba jina kamili la marehemu.